Kaye nne za mtoto aliyerudi

Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba na mwenye kushughulika na mambo ya watoto katika shirika letu. Tumeyaandika kama yalivyosemwa. Tumeondoa tu pahali ambapo watu walimkatiza kwa maulizo.



Kamati iliniomba niseme juu ya jambo moja: familia iliyorudi na watoto inaweza kupata msaada wapi, hapa kwetu Bisie na mu vijiji vya kandokando. Wengi wamekuja na ulizo lingine ndani ya moyo. Wanataka kujua makuta ya sanduku letu mwaka huu itafanya nini. Nitajibu ya kwanza, na mtaona kama ya pili inajibika yenyewe.

Wakati uko deplase, uko na jina. Wanakuandika kwa orodha ya kambi, wanakupa jetoni, siku ya kugawa unga wanaita jina lako na hesabu ya watoto wako. Siku unafunga mizigo kurudi, ile orodha ya kule inakusahau. Na huku nyumbani hakuna mtu amekuandika bado. Pale katikati ya orodha mbili, njo watoto wetu wanapoteaga.

Sisi wote tulipita pale. Kuko wale walikuwa kandokando ya Goma, Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya. Februari 2025 zile kambi zilivunjwa kwa siku chache, watu wakaondoka na jetoni mfukoni, na leo hiyo jetoni haifungui mlango hata mmoja. Kuko wale wa huku Walikale. Tarehe 13 Machi 2025 kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi ya mgodi wa Bisie, tarehe 19 M23 ikaingia Walikale-centre, na watu wakakimbia: wengine Lubutu, wengine Kisangani, wengine msituni tu na watoto mgongoni. Mwanzoni mwa Aprili waasi waliondoka pale. Tarehe 9 Aprili kampuni ikatangaza kwamba inaanza tena kazi kidogokidogo, na watu wakaanza kurudi. Wengi walirudi bila karatasi hata moja. Fishe ya chanjo ilibaki mu nyumba, na nyumba iliibiwa. Buletini ya masomo ililowa na mvua.

Sasa, kuko watu wanasema: "Huku msaada haupo." Mimi nasema upo, lakini ni kidogo, na unakaa nyuma ya milango mbalimbali. Kila mlango uko na kaye yake. Kama jina la mtoto halimo mu ile kaye, mwenye mlango hamuoni, hata mtoto akisimama mbele yake analia. Kuko kaye nne ambazo mtoto aliyerudi anapaswa kuingia: kaye ya shefu, kaye ya kituo cha afya, kaye ya masomo, na kaye ya eta sivili. Nitazipita moja moja.

Kaye ya kwanza ni ya shefu wa lokalite. Watu wengi wanairuka, wanasema shefu hana kitu cha kugawa. Ni kweli, hana. Lakini siku shirika lolote linaingia mu kijiji, linaanzia kwake: linauliza, "Waliorudi ni familia ngapi? Watoto chini ya miaka tano ni wangapi?" Shefu anafungua kaye. Kama wewe ulirudi miezi mitatu iliyopita na hukuenda kumsalimia, wewe hauko. Basi, kwa juma la kwanza baba au mama wa nyumba aende kwa shefu na aseme majina ya watoto wote. Wote, namaanisha hata yule si wako wa kuzaa: mtoto wa ndugu, mtoto mliyemkuta njiani, mjukuu ambaye mama yake alibaki Kisangani. Mara mingi hao njo wanaachwaka nje ya hesabu, na hao njo wanahitaji zaidi. Na uombe akuonyeshe vile ameandika jina. Nitarudi juu ya hiyo.

Kaye ya pili ni ya kituo cha afya. Kila kijiji kiko ndani ya eneo la afya, na kila eneo liko na kituo chake na wajumbe wa kijiji, wale tunaitaka RECO. Kama humjui muganga, mtafute RECO. Anaishi kati yenu, analima kama ninyi. Yeye anajua siku ya kupima watoto, ile CPS, na siku ya chanjo.

Juu ya chanjo, wamama mnisikilize. Mama anasema: "Fishe ilipotea, mtoto alikosa sindano mbili, wataniunguza na maneno, heri nikae." Hapana. Mtoto aliyekatiza chanjo hakufungiwa mlango. Haanzi upya: muganga anaendelea pale alipoachia. Kwa hesabu ya inchi yetu mtoto anapata ya kwanza akizaliwa, halafu kwa majuma 6, 10 na 14, na ya surua na homa ya manjano akifika miezi 9. Kama hukumbuki alipata ngapi, sema tu ukweli, muganga atajua la kufanya. Surua inapendaka watoto waliotoka safari na kulala wengi mu chumba kimoja. Usingoje fishe mpya ianguke kutoka mbinguni.

Na njaa. Kuko kile kibande cha rangi wanafungaka kwa mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5. Kijani ni kuanzia milimita 125: mtoto yuko muzuri. Manjano ni kati ya 115 na 125: angalieni. Chini ya 115 ni nyekundu: mtoto yuko hatarini, aende leo, si kesho kutwa. Na kuko alama nyingine ambayo kibande hakionyeshi. Bonyeza miguu yote miwili kwa kidole, hesabu mpaka tatu, ondoa. Kama shimo linabaki kwa miguu yote miwili, ile si unene, ile ni utapiamlo mkali. Nasema hivi sababu nimesikia bibi anasifu mjukuu: "Amenenepa tangu turudi." Mtoto alikuwa amevimba.

Mtoto mwenye hamu ya kula anatunzwa akiwa nyumbani, anaenda kituoni kila juma kuchukua ile pati ya karanga. Yule amekataa kula, au yuko na homa kali, anatumwa hospitali alale. Ile pati ni dawa na ni ya bure. Haiuzwi sokoni, na haigawanywi kwa ndugu zake sita kama biskuti. Najua ni vigumu kumpa mmoja wengine wakiangalia. Lakini ukigawa kwa sita, hakuna anayepona.

Kaye ya tatu ni ya masomo. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi mu masomo ya leta ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 Serikali ilianza kuitumikisha. Masomo ya makanisa yanayofanya kazi na leta yamo pia ndani. Kwa karatasi ni bure. Kwa kweli tunajua kuko unifomu, kuko kaye, kuko bic, kuko kile cha "kumsaidia mwalimu". Mwalimu naye asipolipwa atakula nini? Siko hapa kumhukumu. Lakini nasema wazi: mtoto wa msingi asifukuzwe kwa sababu ya makuta. Ikitokea, usigombane na direkta peke yako mlangoni mbele ya mtoto. Enda kwa kamati ya wazazi, COPA. Iko kwa ajili hiyo, na shirika letu litakusindikiza.

Mzazi mwingine anangoja Septemba. Amerudi mu mwezi wa pili, anasema mwaka umeshaharibika, mtoto akae kwanza. Huku kwetu mtoto "akikaa kwanza" tunajua anakaa wapi: anaenda kusafisha mchanga wa madini, anabeba mizigo. Tangu kasiterite ilivumbuliwa Bisie mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto walipanda ile njia ya msituni na mizigo kuliko nguvu zao. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza mtoto kutumikishwa kazi za namna hiyo, na sheria ya madini inakataza watoto mu migodi. Lakini sheria haikamati mkono wa mtoto asubuhi. Benchi ya masomo njo inamkamata. Mpelekeni hata katikati ya mwaka, hata kama atarudilia darasa. Aliyerudilia darasa yuko bado mwanafunzi. Aliyezoea makuta ya mchanga, kumrudisha ni kazi.

Kaye ya nne ni ya eta sivili, na hapa njo tunalala sana. Watu wengi wanafikiri ile karatasi ya materinite ni cheti cha kuzaliwa. Hapana. Ile ya materinite inashuhudia kwamba mtoto alizaliwa. Cheti chenyewe, ile akte, kinatoka kwa ofisa wa eta sivili. Code ya familia, vile ilivyorekebishwa mwaka 2016, inakupa siku 90 tangu kuzaliwa, na ndani ya hizo siku kuandikisha ni bure. Siku 90 zikipita, ofisa hawezi tena kuandika peke yake. Inahitaji hukumu ya korti ya watoto, ile inaitwa jugement supplétif, na pahali korti ya watoto haipo ni korti ya amani. Hapo sasa safari inaanza, na safari inaomba makuta.

Watoto wetu waliozaliwa mu kukimbia, nani alikuwa na siku 90? Mtu anajifungua msituni, anahesabu siku gani? Donc tuko na watoto wengi ambao kwa macho ya Serikali hawajazaliwa. Leo hawaoni hasara. Wataiona siku ya mtihani wa mwisho wa msingi, siku ya kuomba karte, siku ya kugombania shamba la baba yao. Na wataiona siku mwenye bunduki atasema kijana wetu wa miaka 14 yuko na miaka 19. Bila akte, nani atambishia?

Mtu mumoja mumoja hawezi kulipa safari ya korti. Lakini korti inaweza kutembea. Wanaitaka audience foraine. Majaji wanakuja mahali, wanasikiliza kesi mingi kwa siku chache. Haiji kwa sababu ya mtoto mumoja. Inaweza kuja kama tunaandika orodha ya watoto mia, na majina ya wazazi, na mashahidi, na shefu ameweka mhuri. Hiyo orodha hakuna atakayetufanyia. Ni kazi yetu.

Niliahidi kurudi juu ya jina. Kwa shefu mtoto ni Bahati, kwa muganga ni Chance, kwa masomo ni Bahati Junior, kwa ubatizo ni kitu kingine. Siku ya korti, hao ni watoto wanne. Mzazi achague jina moja, aliandike juu ya kikaratasi, au aombe mtoto mkubwa amwandikie, na akipeleke kilekile kwa milango yote minne. Tarehe ya kuzaliwa vilevile. Hii haigharimu kitu.

Sasa kuko mambo mawili ambayo hayangoji kaye yoyote.

La kwanza ni kubakwa, kwa mtoto au kwa mkubwa, msichana au mvulana. Saa 72. Ndani ya siku tatu muganga anaweza kutoa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Zikipita, zile dawa hazisaidii tena. Bado mtu aende hata kama zimepita, kwa sababu kuko matunzo mengine. Wa Walikale hatuhitaji kufundishwa hii kwa mfano wa mbali. Kutoka tarehe 30 Julai mpaka tarehe 2 Agosti 2010, mu vijiji vya barabara ya Kibua–Mpofi, Luvungi na vingine, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 387 waliobakwa, na ndani yao wasichana wadogo 55 na wavulana 9. Wavamizi walikaa siku nne, watu wakiwa wamejificha msituni. Zile saa 72 ziliishia pale. Basi leo, mahali njia iko wazi, tusizipoteze kwa kukaa kikao cha familia, kwa kuhesabu mbuzi za kupatanisha. Kwanza muganga. Mambo ya kushtaki yatafuata, na ni huyo aliyeumizwa na wazazi wake wataamua. Anayemsindikiza afunge kinywa. Katika shirika letu, anayetangaza siri kama hiyo mu likelemba au kwa kisima hatasindikiza tena mtu.

La pili ni mtoto aliyetenganishwa na wazazi. Ukikuta mtoto peke yake, mpe chakula na mahali pa kulala, halafu umjulishe shefu na kamati ya kulinda watoto, RECOPE, ndani ya siku hiyohiyo. Msalaba Mwekundu wa inchi yetu pamoja na CICR wanafanya kazi ya kutafuta wazazi na kupeleka barua za familia, na ni bure. Usimpe mtoto kwa mtu anayepita na gari, hata akisema yuko na nyumba ya yatima nzuri Goma au Kampala. Mtoto aliyepelekwa mbali ni vigumu kupatikana na mama yake. Na yule aliyetoka mu kundi la bunduki, hata kama ana macho makali, sheria inamuita mtoto. Mpelekeni kwa wenye kulinda watoto. Musimpeleke kuulizwa maulizo na yeyote mwenye silaha.

Sasa nije kwa makuta.

Katika kikao kilichopita kulikuwa mawazo mawili. Wengine walisema: tununue blanketi na sahani na sabuni, tugawe kwa kila familia iliyorudi, kila mtu aone alichopata. Nawaelewa. Aliyelala juu ya majani anajua thamani ya blanketi. Na ukigawa, kuko picha, marafiki wa mbali wanaona kazi imefanyika. Lakini hesabuni wenyewe. Tukigawa sanduku kwa familia zote, kila moja itapata sabuni ya juma moja. Kisha tutakaa mwaka mzima bila franka ya moto siku mtoto wa kibande chekundu anapaswa kutoka Logu kwenda hospitali.

Mimi nimeona kitu kimoja kwa miezi hii yote. Familia inayoshindwa, mara mingi haishindwi kwa sababu mlango haupo. Inashindwa kwa sababu ya moto, kwa sababu ya fotokopi, kwa sababu mama hajui kusoma na anaogopa biro, kwa sababu hakuna wa kubaki na wadogo wakati anaenda na mgonjwa. Ni vitu vidogo, na vitu vidogo shirika la kusaidiana linaviweza. Chakula cha dunia nzima hatuwezi. Hiyo tuwaachie wenye malori.

Basi naleta mbele yenu mambo matatu, muyapigie kura leo.

Moja: kila kijiji kichague wasindikizaji wawili, mama mumoja na baba mumoja, wanaojua kusoma na kufunga kinywa. Familia ikirudi, ndani ya juma moja wanaitembelea, na ndani ya mwezi mumoja watoto wake wawe wameingia mu kaye zote tatu za kwanza. Ya nne inafuata.

Mbili: nusu ya sanduku iwekwe kwa safari za watoto tu: moto, chakula cha mlinzi hospitalini, fotokopi. Mwenye kutoa aandike kiasi na sababu, bila jina la ugonjwa, na hesabu isomwe kwa sauti kila mwezi mbele ya wote.

Tatu: tufanye orodha yetu ya watoto waliorudi, kijiji kwa kijiji, na ile ya wasio na akte kando. Hiyo orodha ni silaha yetu ya amani. Sheria ya madini ya 2018 inasema kampuni ya mgodi itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi kandokando. Alphamin iko na fondasio yake, Lowa Alliance, inayofanya miradi mu vijiji vyetu. Siku wanaketi na wakubwa kuchagua kujenga nini, anayekuja na kilio anasikilizwa kwa huruma na kusahauliwa. Anayekuja na hesabu, "mu vijiji hivi vitano kuko watoto kadhaa wasio na darasa, hawa hapa majina," wanalazimika kumjibu.

Na ninyi marafiki wa mbali, aksanti kwa nguvu yenu. Tunawaomba kitu ambacho hakitoki vizuri kwa picha. Lipieni pikipiki. Lipieni fotokopi. Mkituma mzigo, ulizeni kwanza orodha, musitume nguo za watoto kumi kwa kijiji chenye watoto mia, maana siku hiyo mtatuletea ugomvi. Na msituulize majina na sura za watoto walioumizwa. Tutawapa hesabu, na hesabu itakuwa ya kweli.

Wanamemba, wengi wenu mtarudi nyumbani leo na njia ni ndefu. Nawaomba mfanye kitu kimoja hata kabla ya kura kuhesabiwa. Jirani aliyerudi majuzi, yule bado anafunika nyumba na shitingi, mumuulize kesho asubuhi: watoto wako wameandikwa wapi? Akisema "bado", mumushike mkono mwende naye kwa shefu. Ni mwendo wa dakika chache tu.

Mwenye ulizo aulize.